Bei ya umeme wa nyumba iko kwenye pointi

Tangu nihamie kwangu Nzuguni, hapa Dodoma, walimu wenzangu wanaojenga wananiuliza swali lilelile: nyumba ya vyumba vitatu, wayaringi inakula shilingi ngapi? Wanataka tarakimu moja waiandike kwenye daftari la ujenzi, chini ya saruji na mabati. Tarakimu ninayo, risiti zote nimezitunza, na nitaitaja. Lakini haitamsaidia mtu ambaye hajahesabu pointi zake, yaani kila mahali patakapokaa taa, soketi au kifaa kingine cha umeme. Mafundi waliokuja kwenye boma langu mwaka 2023 walitofautiana mno. Wa kwanza alisimama mlangoni, akatupa jicho ndani, akasema laki tatu na nusu. Wa pili akasema laki tisa. Wa tatu hakutaja bei yoyote mpaka alipomaliza kuzunguka kila chumba.

Huyo wa tatu ndiye niliyempa kazi, ingawa hakuwa wa bei ya chini. Alikuja na daftari na kipande cha mkaa. Tulianzia chumba cha kulala cha mbele, akaniuliza, "Mwalimu, hapa kitanda kitakaa ukuta gani?" Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, maana nyumba ilikuwa bado matofali matupu, madirisha hayana hata grili. Akanieleza kwamba soketi ikiwekwa upande usio na kitanda, miaka yote nitakayolala humo nitakuwa navuta ekstensheni chini ya godoro, na ekstensheni chini ya godoro ni moto unaosubiri siku yake. Tukaamua kitanda. Akachora alama mbili za mkaa, moja kila upande, akaandika: soketi mbili, taa moja, swichi, feni. Tukaenda chumba cha pili.

Tulipofika jikoni tukakaa muda mrefu. Friji itakaa wapi? Jiko la umeme nitaweka au nitabaki na gesi? Birika je, blenda, jagi la kuchemshia maji? Akaniambia jikoni ndiko watu wanakobana, wanaweka soketi moja ya mdomo mmoja halafu wanakuja kuchomeka adapta juu ya adapta. Bafuni akauliza kuhusu maji ya moto. Wanaoijua Dodoma kwa joto lake la Oktoba na Novemba hawaamini, lakini asubuhi za Juni na Julai hapa, upepo ukishuka, maji ya bomba yanauma meno. Nikasema ndiyo, hita nitaweka, hata kama si mwaka huu. Nje tukahesabu taa za uani na pampu ya kupandisha maji kwenye tenki, kwa sababu sisi wa huku tunaishi kwa kukinga maji yanapotoka.

Hesabu ilikuja hivi: taa 18, soketi 17, feni 4, hita 1, jiko 1, pampu 1, na njia 2 za antena na intaneti. Jumla pointi 44. Bei yake ya ufundi ilikuwa 12,000 kwa pointi, kuanzia kutindua ukuta na kulaza paipu hadi kufunga na kupima. Kwa hiyo ufundi ukawa 528,000.

Nilirudi kwa yule wa laki tatu na nusu nikamwuliza swali moja: ndani ya hiyo hela kuna nini? Kutindua ukuta haikuwemo, nitafute vibarua wangu. Eathi, ile njia ya kushusha ardhini umeme uliovuja, haikuwemo. Pampu na hita hazikuwemo, "hizo ni kazi za pembeni, mama." Na yule wa laki tisa alipobanwa kidogo alikiri kwamba amekadiria tu, hajui nataka taa ngapi. Simlaumu sana. Sisi wenyewe ndio tunaowaita mafundi na kuwauliza bei ya "nyumba", kana kwamba nyumba zote za vyumba vitatu zina taa sawa. Jirani yangu ana vyumba vitatu kama mimi na ameridhika na pointi 26. Mwingine wa Ilazo ana zaidi ya 70, kwa sababu ya taa za kwenye dari la jipsamu. Hao wawili wakiulizana bei watagombana bure.

Sasa vifaa. Hapa ndipo hela nyingi inapokwenda, na hapa ndipo nina msimamo mkali. Kila kitakachofukiwa ukutani au ardhini nilinunua kilicho bora kwa uwezo wangu. Kila kitakachoonekana kwa macho nilinunua cha kawaida. Swichi ikinichosha nitaifungua kwa bisibisi na kuweka nyingine ndani ya dakika kumi. Waya uliopo ndani ya plasta hautoki bila kuvunja ukuta, na ukuta ukivunjwa unadai saruji, skimu na rangi, na rangi mpya haifanani kamwe na ile ya zamani.

Paipu na maboksi vilikula kama 260,000. Hivi hununuliwa mwanzo, boma likishapauliwa na kabla ya plasta, na paipu za plastiki ni rahisi kiasi cha kumfanya mtu ajisahau. Tulilaza paipu za ziada tupu mahali pawili: kutoka kwenye boksi la meni, yaani boksi kuu la breka, hadi darini, na kutoka meni hadi ukuta wa uani. Gharama yake haikufika hata elfu ishirini. Nikitaka kuweka sola siku moja, au kupeleka umeme kwenye banda la uani, njia ipo.

Waya ndio uliobeba mzigo: kama 820,000. Taa zilipitishwa waya wa milimita 1.5, soketi wa 2.5, hita wa milimita 6 kutoka kwenye breka yake peke yake. Fundi alinionyesha hesabu ya hita kwenye daftari lake. Hita ya papo hapo ya wati 5,500 ukiigawa kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Ukiiunganisha kwenye waya wa soketi za kawaida pamoja na pasi na friji, waya unachemka ndani ya ukuta na wewe huna habari. Ndiyo maana mtu anayetaka hita "baadaye" inafaa alipie njia yake sasa, hata kama hita yenyewe itanunuliwa miaka miwili mbele.

Dukani tulienda pamoja, mimi na fundi, kwenye maduka ya vifaa katikati ya mji. Kwenye duka la kwanza roli la 2.5 lilikuwa rahisi kuliko kote nilikouliza, na mimi nilishafungua pochi. Fundi akaomba aone ncha. Akatoa kisu, akamenya plastiki kama sentimita mbili, kisha akaikwangua ile shaba taratibu kwa makali. Chini ya wekundu kukatokea weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba juu. Akaupinda ule waya mara kadhaa kwa vidole, ukakatika. Muuzaji hakusema kitu, akarudisha roli lake rafuni. Alumini haipitishi umeme sawa na shaba, kwa hiyo kwa unene uleule inapata joto zaidi, na kwenye maungio inalegea. Tulihamia duka jingine, tukakwangua tena, ikawa nyekundu mpaka ndani. Pia akanifundisha kuuliza roli ni mita ngapi. Yapo yanayouzwa kama "mia" ambayo ni yadi 100, na hizo ni mita 91 na kidogo. Kwa roli moja hilo si kitu. Kwa roli nane unakuwa umepungukiwa karibu mita 70 za waya, na utazirudia dukani kwa bei ya kupima mita mojamoja, ambayo siku zote ni ghali.

Boksi la meni, breka zake na RCCB vilifika 230,000. RCCB ni kile kifaa kinachokata umeme mara moja kinapohisi unavuja, kwa mfano mtoto mwenye mikono ya maji anaposhika friji yenye hitilafu. Niliyonunua ni ya miliampea 30. Nimeona nyumba nyingi nzuri mjini hapa, tailizi mpaka getini, zisizokuwa nacho, na wenyewe wakiambiwa wanasema fundi hakuwatajia. Mtajieni ninyi. Kwangu mimi bora nyumba ikae bila dari mwaka mzima kuliko kukaa bila kifaa hicho.

Swichi, soketi, holda na taa zenyewe zilikuwa 380,000, na hapa ndipo nilipobana. Taa za mapambo za sebuleni nilinunua baadaye, mshahara baada ya mshahara.

Eathi inahitaji maelezo yake, kwa sababu ya ardhi yetu. Udongo wa sehemu kubwa ya Dodoma ni mkavu na wa kichanga. Mvua zikikatika Aprili, tunakaa mpaka Novemba au Desemba bila tone. Kazi ya eathi ni kuupa umeme uliovuja njia ya kushuka ardhini, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi anayefanya kazi mahali penye unyevu anaweza kugonga rodi moja ya futi nne na kuondoka. Hapa haitoshi. Fundi wangu aligonga rodi ya kwanza, akaweka mashine ya kupimia, ikasoma zaidi ya omu 60. Omu ni kipimo cha jinsi ardhi inavyozuia umeme, kwa hiyo namba ikishuka ndiyo eathi nzuri. Akanionyesha ile mashine, mshale ulivyosimama. Akagonga ya pili mbali na ya kwanza, karibu na mahali maji ya bafuni yanapotokea, tukachimba shimo pana kuizunguka na kujaza mkaa na udongo mweusi wa mfinyanzi tulioununua kwa dumu. Akapima tena, ikawa chini ya 20. Eathi yote ilitugharimu kama 90,000. Na tulipima mwezi wa kumi, nchi imekauka kabisa. Eathi iliyopimwa Februari wakati wa mvua inadanganya, kwa hiyo ukipimiwa masika omba upimiwe tena kiangazi. Wapo wanaotia chumvi nyingi shimoni. Inasaidia kwa muda, lakini chumvi inakula chuma na mvua inaisomba, baada ya miaka michache unabaki na rodi iliyolika.

Jumla ya vifaa ikawa 1,780,000, ukiongeza ufundi ni 2,308,000.

Malipo ya fundi niliyagawa kwa hatua, na tuliandikiana kwenye karatasi, yeye kopi na mimi kopi. Sehemu ya kwanza baada ya paipu na maboksi, ya pili baada ya kuvuta waya, ya tatu baada ya kufunga vifaa. Ya mwisho nilimkabidhi umeme ulipowaka na kila pointi ikajaribiwa. Hakuona vibaya hata kidogo. Fundi anayejiamini hana shida na hilo, maana na yeye analindwa: mwenye nyumba hawezi kumwambia katikati kwamba hela imeishia kwenye mabati.

Kuna gharama moja isiyotajwa mapema, nayo ni ya muhuri. Ombi la kuunganishwa umeme linahitaji wayaringi ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Fundi wangu alikuwa na leseni, kwa hiyo sikulipa kitu cha ziada. Lakini mafundi wengi wa mtaani hawana. Wanafanya kazi, kisha wanampelekea mwenye leseni fomu agonge muhuri, na wewe unaambiwa lete hela ya muhuri. Mara nyingi mwenye muhuri hajawahi kuiona nyumba. Mimi nasema kama ni lazima ulipe muhuri, basi mwenye leseni aje mwenyewe, afungue boksi la meni, apime eathi, ndipo agonge. Unamlipa kwa macho yake na vipimo vyake. Orodha ya wenye leseni EWURA wanayo, na ofisi zao ziko hapahapa Dodoma, kwa hiyo sisi wa huku hatuna sababu ya kutouliza.

Kuunganishwa kwenyewe kuna bei inayojulikana. Kuanzia Januari 2022, kwa wa mjini wa njia moja, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani, aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, shirika la umeme, TANESCO, walitangaza 320,960. Anayehitaji nguzo moja, 515,618. Anayehitaji mbili, 696,670. Maombi yanafanywa kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na unapewa namba ya malipo ya kulipia benki au kwa simu. Hakuna anayepaswa kupokea hela hiyo mkononi. Mimi nilikuwa ndani ya mita 30. Ukiijumlisha kwenye hesabu yangu, nyumba yote mpaka kuwaka ilinigharimu milioni mbili na laki sita na ushee. Anayenunua kiwanja huko Mkonze, Nala au Michese, nguzo iko wapi ni swali la kuuliza kabla ya kulipia kiwanja, kwa sababu tofauti ya nguzo mbili ni zaidi ya laki tatu na nusu, na hiyo ni karibu nusu ya waya wa nyumba nzima.

Baada ya kuwaka kuna bei ya kila mwezi, nitaigusa kidogo tu. Anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la D1, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, yaani 122 mkononi. Kundi la T1, la wanaozidi hapo, ni 292, yaani karibu 356. Hita ya maji na jiko la umeme vinaweza kukuhamisha kutoka kundi moja kwenda jingine. Na usishangae kuona LUKU inakata 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, hiyo ni kodi ya majengo.

Nyumbani kwa mama, kijijini upande wa Kondoa, nilijifunza jambo lililoniumiza. Kule kuunganishwa ni 27,000, bei ambayo imetangazwa redioni na kwenye mikutano mpaka kila mtu anaijua. Nguzo zimepita mbele ya nyumba. Lakini nyumba nyingi zilibaki giza, na wageni wakaja na maelezo ya haraka, kwamba watu hawataki maendeleo. Mama alinieleza vizuri zaidi: "Elfu ishirini na saba ninayo. Za ndani ndizo sina." Waya, breka, soketi na eathi vinauzwa bei ya mjini, ukiongeza nauli ya kuvileta, ukiongeza fundi anayelala kijijini na kula hapo. Kwa nyumba yake ya vyumba viwili, wayaringi ya pointi kumi ilikuwa mara nyingi zaidi ya hela ya kuunganishwa. Watu wanapotangaziwa bei ya nguzo, watangaziwe pia na bei ya ndani, wajipange, wavune, wauze mbuzi wakijua wanauzia nini.

Kwa nyumba ndogo kama ya mama ipo njia nyingine, UMETA, yaani umeme tayari. Ni kibao kimoja kilichokwisha kufungwa breka, swichi na soketi, kinachobandikwa ukutani bila kutindua chochote. Majirani zake kadhaa wanakitumia. Kwa taa na kuchaji simu kinatosha kabisa. Mama alitaka taa ya nje pia, kwa ajili ya zizi, ndiyo maana tukafanya wayaringi kamili, tukaichangia sisi watoto.

Kuongeza pointi baada ya plasta ndiyo bei mbaya kuliko zote. Mwenzangu mmoja wa Kisasa aliongeza soketi tatu na njia ya hita kwenye nyumba iliyokwisha kupakwa rangi. Ufundi wa kila pointi ulikuwa zaidi ya mara mbili ya niliolipa mimi, na hapo hujamwita fundi wa plasta, hujamwita wa rangi, na vumbi limeingia mpaka kabatini. Ukimwuliza leo atakuambia bora angekaa na fundi jioni moja wakabishane kuhusu kitanda na friji.

Nami nina jambo moja ninalowasisitizia wote, halina gharama yoyote. Siku paipu zilipokwisha kulazwa na plasta haijaanza, nilipita na simu nikapiga picha kila ukuta, na futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona ya mlango mpaka kwenye paipu ili vipimo visomeke. Picha nikazihifadhi pamoja na mchoro wa fundi. Fundi wa makabati ya jikoni alipokuja na drili yake, tulifungua picha ya ule ukuta kabla hajatoboa. Paipu ya jiko ilikuwa inapita palepale alipoweka alama ya penseli. Akasogeza alama sentimita kumi na tano kushoto, akatoboa.